Kompyuta Badala ya Tangi

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimenunua kadi ya grafiki na sina kompyuta. Wacha niandike tena nione kama itakuwa na akili mara ya pili: nimenunua kadi ya grafiki, na sina kompyuta. Ni kama mtu kununua kiti cha pikipiki halafu aanze kutafuta pikipiki. Lakini Abdiladif, mwenye duka la elektroniki hapa Emali, aliitoa kwa mashine moja iliyokufa, akaniambia, "Kalunde, usipochukua leo, kesho inaenda Kibwezi." Pesa niliyolipwa kuchapa kadi za harusi za watu ikatoka mfukoni yenyewe. Nimeifunga kwa soksi nikaisukuma chini ya kitanda.

Mama hajui. Mwaka huu Mama anajua kitu kimoja tu: tangi. Yuko kwa kikundi cha wanawake kinaitwa Kyeni. Kila mwezi wanaenda kwa mmoja wao, na kila mwanamke anabeba kitu. Walianza na vikombe na sufuria, sasa wamefika kwa matangi ya maji. Mwezi huu ni zamu ya Mama. Fundi amekwisha kujenga msingi wa simiti kando ya jikoni na mifereji imefungwa kwa mabati. Kila asubuhi Mama anasimama hapo akiangalia ule msingi mtupu na kutabasamu. Mvua ikija, hatutanunua maji tena wala kubembeleza punda wa jirani.

Jumatano, 8 Oktoba

Mawingu. Hakuna kitu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepita kwa Abdiladif tena. Kompyuta mpya ya kuchezea gemu siwezi hata kuuliza bei, nitazimia hapo dukani. Njia ya maskini ni hii: unachukua mashine ya ofisi iliyotumika Ulaya, unaiongezea kumbukumbu, unaichomeka kadi ya grafiki, na inacheza mpira vizuri kabisa. Mashine ninayotaka iko pale kwa rafu, nyeusi, imejaa vumbi. Abdiladif ananiacha niishike. "Dada, ukiishika tena nitakulipisha kodi," amesema.

Binamu yangu Ben alikuwa ananiachia laptop yake nicheze jioni. Mwezi wa saba alipata kazi mjini Wote akaondoka nayo. Tangu hapo siku zangu ni kulala, kuchota maji, kanisa, kulala. Nimetuma maombi ya kazi tangu nimalize diploma mpaka nimechoka kusoma "tutakujulisha". Sina raha. Nimeandika basi. Sina raha hata kidogo, na mtu akiniuliza nasema niko sawa.

Jumapili, 12 Oktoba

Leo kanisani Kathini alikuwa mbele na kofia yake kubwa, akiongoza maombi ya mvua. Huyo ndiye mwenyekiti wa Kyeni, na nikimwona nahamia benchi la nyuma. Miaka mitatu iliyopita kulikuwa na mkutano wa injili uwanjani, mhubiri akasema kila mtu alete kitu cha dunia kinachomfunga. Watu walileta hirizi, walileta sigara. Kathini alileta mashine ya gemu ya mwanawe Kitheka, ile kijana aliyoinunua kwa kubeba magunia ya mahindi stesheni, akaitupa motoni. Kitheka alikuwa amesimama pale pale. Tulikuwa darasa moja naye. Niliona uso wake na sijausahau.

Mwezi huo huo akaenda Qatar kazi ya ulinzi. Hajawahi kumpigia mama yake simu, na za mama hashiki. Kathini alikataza watu kumwita Mama Kitheka. Anaitwa Mwenyekiti, hata na wajukuu zake.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ngai wangu.

Kikundi kimekuja leo. Niliamka nikafagia uwanja, nikapangusa msingi wa tangi kama meza ya kanisa, nikapika chai ya kufa mtu. Karibu saa sita nikawasikia wakiimba chini ya njia. Nikatoka kuangalia pikapu, kwa sababu tangi haliletwi kwa mguu. Hakuna pikapu. Ni wanawake tu wamepanga mstari, kila mmoja na kitu kichwani kimefunikwa leso, wakicheza mabega.

Mbele ni Kathini na boksi pana. Akaingia, akatua, akafunua. Skrini!

Nilidhani wamekosea nyumba. Wa pili akafunua: ile mashine nyeusi ya Abdiladif, na vumbi limepanguswa. Wa tatu: kibodi na mausi. Wa nne: kamera ndogo ya kuweka juu ya skrini, yenye maikrofoni. Mwingine hedifoni, mwingine stabilaiza ya umeme, mwingine waya za kila aina zimefungwa kwa utepe wa harusi. Mwishoni akaja Mbithe, rafiki mkubwa wa Mama, anatokwa na jasho, na spika mbili kubwa za kanisa hasa. "Waliniambia kila kompyuta ina sauti," akasema. "Mimi sikuleta sauti ndogo!"

Niligeuka nikamwangalia Mama. Alikuwa anacheka na kupiga makofi. Alinifinya kiunoni mpaka nikasema asante.

Kathini akasimama kuongea, kidole kwa Mama. "Kanyiva alituambia tangi lingoje. Alisema mtoto wake anatafuta kazi na hana kifaa cha kutafutia. Kyeni haiwezi kuangalia mtoto akikaa bure. Kalunde, hii ni ya kazi. Si ya sinema, si ya mchezo. Tutarudi kukagua kama kawaida yetu, na kila mtu ataangalia kitu yake kama inatumika."

Walipoondoka nilimfuata Mama jikoni. "Mwaitu, mama yangu, tangi?"

"Tangi halina miguu. Halitakimbia."

"Zamu yako inarudi lini?"

"Ikirudi itarudi."

"Na ulijuaje ni kompyuta gani?"

"Nilipata kitu kwa soksi chini ya kitanda. Nikadhani umeiba. Nikaipeleka kwa Abdiladif, akaniambia wewe huenda pale kila Ijumaa kushika mashine kama mtoto mgonjwa. Akanieleza kila kipande."

"Basi unajua ni ya gemu!"

Akapuliza moto. "Najua."

"Na umewaambia ni ya kazi!"

"Ningesema ni ya gemu, Kathini angekuja na kibiriti. Kunywa chai."

Kyeni wana sheria moja hawachezi nayo: ukidanganya kikundi, unatoka. Baba alipokufa, ni hao wanawake waliopika hapa wiki nzima na kulala sakafuni na Mama. Hana dada. Hao ndio dada zake. Na amewadanganya kwa sababu yangu, na mimi sikumwomba! Nina hasira!

Jumatatu, 20 Oktoba

Sijaigusa. Imekaa mezani inaniangalia. Mawingu asubuhi, jua saa sita.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimeigusa.

Kumbe kadi yangu ni ndefu kuliko tumbo la mashine. Nimeisukuma, nimeigeuza, nimeiombea. Mwisho nikaibeba kwa fundi wa majiko karibu na reli, akakata bati la ndani kwa msumeno huku mimi nimefumba macho. Alikata vizuri. Kifuniko sasa hakifungi, kwa hivyo kadi inachungulia nje kama mbuzi kwa dirisha. Nikawasha. Feni zikanguruma, kadi ikawaka taa nyekundu na buluu.

Mama akaja mbio kutoka jikoni. "Aiya! Ni ambulansi?"

Nilicheka. Nilikuwa nimeapa kutocheka, na nikacheka.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mashine inazima yenyewe! Nacheza kipindi cha kwanza, giza. Nawasha, giza. Nimebadilisha waya, nimesafisha feni kwa brashi ya viatu, nimelia kidogo. Halafu nikaangalia nyuma vizuri. Mama ameshona vitambaa vyeupe vya maua, seti nzima, akaivalisha mashine kila mahali kama kochi la wageni. Kimoja amekifunga kabisa juu ya feni kwa pini "isiingie vumbi". Mashine ilikuwa inakosa pumzi.

Nimemweleza polepole kwamba hii kitu inapumua. Ameshangaa. "Kwani ina mapafu?" Tumekubaliana: kitambaa kimoja tu, kwa skrini, ikiwa imezimwa.

Jumatano, 29 Oktoba

Mawingu. Upepo. Hakuna kitu.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua imekuja. Imekuja kama ilikuwa na hasira na sisi. Mifereji mipya ilijaa, na maji yakamwagika mdomoni mwa bomba, moja kwa moja juu ya ule msingi mtupu, yakaenda shambani na barabarani mpaka mtoni. Maji ya mwezi mzima yanapita mbele ya macho! Mama akatoka na beseni, akatoka na sufuria, akatoka na ndoo, akatoka na birika la chai. Nikatoka na mimi. Tulilowa chapachapa. Kila chombo kilijaa, na mvua bado inanyesha, na hatuna pengine pa kuweka.

Nilipiga kelele, "Unaona sasa? Unaona?"

Mama alikuwa anamimina maji kwenye chupa za soda.

Jumatano, 5 Novemba

Nimempelekea Abdiladif habari kwamba nauza yote, anipe pesa ya tangi hata dogo. Aliweka kalamu chini. "Dada, kitu ya kikundi sinunui. Hao wamama wakija kukagua wakute meza tupu, mama yako atasimama wapi? Rudi nyumbani." Amenipa chai na kunifukuza.

Jana nilikuwa na aibu ya kucheza. Leo nimecheza. Sijui nitajielewa lini.

Ijumaa, 7 Novemba

Tumepanda ndengu. Mgongo unauma.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimekaa hapa mdomo wazi.

Leo saa kumi jioni nimefungua gemu na bando la simu, mtandao ukanichagulia mpinzani. Jina lake lilikuwa la namba namba tu, sikulijali. Nikamfunga bao la kwanza. La pili. La tatu, mtu huyo akafungua maikrofoni akanitukana kwa Kikamba. Tusi lenyewe ni la hapa stesheni, halijafika hata mji jirani wa Sultan Hamud.

Nikamuuliza kwa Kikamba anatoka wapi. Akajibu kwa swali, "Wewe ni nani?"

"Kalunde. Wa Emali."

"Kalunde wa Kanyiva?" Na sauti ikabadilika, nikaijua. Nilisikia hiyo sauti kwa miaka minne ya sekondari ikipiga kelele nyuma ya darasa.

"Kitheka?"

Tukaacha mpira ukisimama pale katikati. Yuko Doha, anatoka zamu mchana, anacheza saa kumi, halafu analala. Nikadhani ataniuliza kuhusu watu wa darasa. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mguu wa mama ulipona?" Kathini alikuwa ameteguka mguu mwezi ule Kitheka alioondoka. Nikamwambia ulipona lakini anachechemea kidogo.

"Usimwambie nimeuliza," akasema. "Ukimwambia tunaongea, nafuta akaunti na hutanisikia tena. Niahidi."

Nimeahidi. Ningefanya nini?

Jumamosi, 15 Novemba

Kitheka amenifunga. Anasema mashine yangu ni polepole. Nimemwambia iliyokuwa haraka ilichomwa. Nilijuta kabla sijamaliza kusema, lakini alicheka sana.

Jumapili, 23 Novemba

Leo kanisani nilimwangalia Kathini kwa muda mrefu. Zamani nilikuwa naona ile kofia na kidole tu. Leo niliona kwamba anaweka simu kifuani, sauti yote juu, hata wakati wa mahubiri. Ilipolia, alitoka nje mbio na ule mguu. Alirudi, akakaa taratibu. Mbithe akaninong'oneza, "Ni watu wa bima. Kila ikilia anafikiri ni yule."

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nililimeza, na limekaa vibaya.

Alhamisi, 27 Novemba

Tulikuwa tunapalilia ndengu, mimi na Mama, hakuna mtu mwingine. Nikamuuliza tena, safari hii bila kelele. Kwa nini hukuchukua tangi?

Aliendelea na jembe mpaka mwisho wa mstari. Ndipo akasema: "Wakati Ben yuko hapa na ile laptop, jioni nilikuwa nakaa jikoni nakusikia ukicheka. Ben alipoondoka, ulinyamaza. Nikangoja. Mwezi ukaisha. Ulikuwa unakula mara moja kwa siku. Nikakuuliza ukasema uko sawa. Baba yako pia alikuwa akisema yuko sawa." Akasimamisha jembe. "Maji nimechota tangu niwe msichana. Najua kuchota maji. Hiyo nyingine sikujua nitaichotea wapi."

Nimesimama pale kama nimepigwa kofi. Mimi nilidhani hakuna aliyeona.

Jumatatu, 1 Desemba

Taarifa imekuja: Kyeni wanakuja kukagua Jumamosi, saa saba mchana. Mama ameanza kusugua sufuria ambazo ni safi. Nimempigia Ben, anasema ficha gemu, fungua CV, fungua majedwali, jaza namba. Nimejaza namba. Nimefunika taa za kadi kwa karatasi ya boksi la viatu. Kitheka huingia saa kumi, na hapo watakuwa wamekwisha kwenda. Mama anasema tutasali. Nimemuuliza tutasali nini, Mungu abariki uongo? Amenitupia kitambaa.

Jumamosi, 6 Desemba

Wacha niandike yote kabla sijaanza kufikiri niliota.

Saa saba ilifika, wanawake hawakufika. Saa nane mvua ikapasuka. Saa tisa na nusu wakaingia wote kwa pamoja, wamelowa, wameshika viatu mkononi. Mama akawapa leso na chai. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani kama mgonjwa.

Ukaguzi ni kitu cha adabu. Kila mwanamke anaenda mbele, anagusa alicholeta, anauliza kinafanya nini. Skrini: nikaonyesha CV. Kibodi: nikachapa jina la mwenye kuileta, akashangilia. Stabilaiza: inawaka kijani, vizuri. Hedifoni: nikasema ni za mahojiano ya kazi, na Mama akakohoa. Halafu Mbithe akasimama katikati ya nyumba na kuangalia huku na huku.

"Spika zangu ziko wapi?"

Zilikuwa chini ya meza, zimefunikwa gunia. Sikuwahi kuzitumia hata siku moja.

"Mwenyekiti," Mbithe akasema, karibu alie, "mimi nilikopa za kununua hizo spika."

"Ziwekwe," Kathini akasema. "Na hiyo intaneti iwashwe. Tuma hayo maombi ya kazi sisi tukiona."

Nikachomoa hedifoni, nikachomeka spika, nikawasha mtandao wa simu. Saa kumi na dakika kadhaa. Nilikuwa nafungua barua pepe wakati kona ya skrini ilipoanza kumeta na kitu kikaanza kulia, na kwa zile spika kililia mpaka kuku walikimbia. Nikanyoosha mkono nizime. Mbithe alikuwa karibu zaidi, amefurahi spika zake zinalia.

"Kuna kitu ya kijani hapa. Nibonyeze?"

Akabonyeza.

"Kalunde!" Sauti ikajaza nyumba yote mpaka mabatini. "Umelala? Kuja nikupige nyingi leo, niko na hasira ya bosi!"

Kikombe cha mtu kilianguka. Nilimwangalia Kathini, na Kathini alikuwa amesimama, sijui alisimama saa ngapi, na chai inamwagika polepole kutoka kikombeni hadi kwenye mguu wake na haisikii.

"Kalunde? Unanisikia? Mbona kamera inaonyesha mabati?"

Mama akaruka mbele. Sijawahi kumwona hivyo. "Ni mimi!" akasema. "Niliwadanganya. Hii mashine ni ya mchezo. Mtoto wangu alikuwa ananyamaza, nikaogopa, nikawadanganya. Nitoeni kwa kikundi lakini msiichome. Mwenyekiti, nakuomba, usiichome."

Kathini akainua mkono mmoja. Hakuwa anamnyamazisha Mama kwa hasira. Alikuwa anataka kusikia. Alitembea na ule mguu mpaka mbele ya skrini, akainama karibu na kamera ndogo, akaiangalia kama mtu anayechungulia kisimani.

"Kitheka," akasema.

Spika zikanyamaza. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikajua sasa atakata, atafuta kila kitu, na kosa ni langu.

"Mama?"

"Usikate."

"Sikati," akasema. "Mguu ulipona?"

"Ulipona. Unauma mvua ikinyesha tu."

"Kwani huko kunanyesha?"

"Kunanyesha sana," Kathini akasema. "Kitheka, nilichoma kitu yako."

"Najua, Mama. Nilikuwa hapo."

Aliposikia hivyo alishika meza kwa mikono miwili. Mimi nikamsukumia kiti. Aliketi, akavua ile kofia ya kanisani, akaiweka juu ya kibodi. Hakuomba, hakuhubiri. Alisema, "Unakula vizuri?" Na kwenye zile spika za kanisa tukamsikia mwanamume mzima akilia huko Doha, na kila mtu ndani ya nyumba akamsikia.

Mama akatushika mikono, "Tokeni nje, wote, tokeni." Tukatoka. Tukabanana chini ya ukingo wa paa, wanawake wote wa Kyeni na mimi, maji yakishuka mbele yetu kama pazia na kumwagika kwenye msingi wa tangi. Nikamfunika Mama kwa leso yangu.

Mwishowe Mbithe akapangusa macho. "Lakini spika zangu," akasema, "si mmesikia?"

Mama akaanza kucheka. Halafu sote. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na ndani hawakutusikia.

Jumapili, 7 Desemba

Baada ya ibada kikundi kimekaa. Mama alisimama mbele na kurudia yote bila kupunguza. Kathini alimsikiliza mpaka mwisho. Ametoa hukumu: Kanyiva alidanganya kikundi, na sheria haiangalii sura. Atapika kwenye kaguzi tatu zinazofuata bila msaada wa mtu. Lakini hatoki. Mmoja akauliza kama sheria haisemi anatoka. Kathini akasema, "Basi nianze mimi kutoka, kwa yale ya uwanjani." Hakuna aliyeuliza tena.

Tangi litangoja zamu. Mama amesema sawa. Mimi nimetuma maombi ya kazi leo, ya kweli, kwa hiyo kompyuta. Halafu nimecheza.

Jumanne, 9 Desemba

Jua. Maji ya ndoo zetu yamekwisha.

Karibu saa kumi nilisikia mtu anapumua kwa nguvu njiani. Ni Kathini, na ule mguu, amebeba mtungi wa maji mgongoni, kamba imepita kwenye kipaji. Yeye ana tangi, alilipata kwa kikundi zamu yake ilipofika. Hajatuma mtu, hajatuma punda. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye msingi wa tangi letu, akautua pale katikati, mtungi mmoja mdogo kwenye nafasi yote ile.

Mama akatoka akakimbia kumpokea. "Mwenyekiti, kwa nini umejitesa?"

"Niite Mama Kitheka," akasema. Alipangusa jasho, akaangalia jua liko wapi, kisha akanigeukia mimi.

"Kalunde, hiyo ni ya chai. Kesho nitaleta mwingine. Sasa niwashie."